Hatari ya Thelathini na Moja

Dada yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zako zote mbili: ya mkubwa wangu, na ya mtu aliyenibeba mgongoni mpaka nikamlowesha nguo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti la kushoto limepunguza kiburi. Uliandika kwamba linakulazimisha kushuka ngazi kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, maana mimi pia siku hizi nashuka hivyo hivyo. Na sikio je? Mjukuu wako ameniandikia kwamba alikuwekea simu ukamrudishia, ukamwambia huna mazungumzo na nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Sikulaumu. Miaka arobaini na moja tumeishi kwa barua, wewe na mimi. Si uzeeni ndipo tubadilishe dawa.

Mimi ni mzima. Presha ina adabu, ila macho yanadai taa kubwa zaidi kila mwaka. Mkwe anakusalimu, bado ananificha chumvi, na mimi bado najua ilipo. Mwanangu yuko mbali kikazi, hurudi mwisho wa mwezi. Chumba changu ni kile kile cha ghorofani, chenye dirisha linalotazama kamba za nguo za majirani, na meza ni ile ile, ila nimeisogeza karibu na mwanga.

Nina habari, dada, tena si kidogo, kwa hiyo weka chai karibu. Nakuomba jambo moja tu: usianze na mwisho. Najua unavyosoma barua kuanzia sahihi kwenda juu, kama mtu anayekagua samaki kuanzia mkia. Hii isome kama ilivyoandikwa.

Habari yenyewe ni kwamba tunataka kuja huko. Kwa gari, watu wanne, mwendo wa siku tatu na mipaka miwili.

Hao wengine watatu unawajua kwa barua zangu, lakini miaka ni mingi, acha nikukumbushe. Yupo Mkasi, aliyekata karatasi kwenye kiwanda chetu cha uchapaji kwa miaka thelathini na bado ana vidole kumi, jambo analolitaja kila anapopeana mkono na mgeni. Yupo mkewe, Muuguzi, aliyestaafu wodini lakini hakustaafu kuamrisha. Na yupo Mama Usukani, aliyekuwa akiendesha lori letu la vitabu vya shule, baadaye mabasi ya mjini, na ambaye kwa hesabu zake mwenyewe hajawahi kugonga hata kuku. Mimi, kama unavyojua, nilikuwa msoma prufu: kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa ya watu wengine na kuyazungushia wino mwekundu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mkasi, anapojalidi vitabu vilivyochakaa. Kuna harufu ya gundi, kuna mashine ya chuma ya kukandamiza vitabu, na kuna viti vinne ambavyo kila kimoja kina mwenyewe.

Aliyeanza ni Muuguzi. Siku alipotimiza miaka sabini alituambia kwamba maisha yake yote amewaaga watu waliokuwa wakisafiri, wengine kwenda nyumbani na wengine kwenda kusikorudiwa, na yeye mwenyewe hajavuka hata mpaka mmoja. Akasema anataka kuuvuka kabla magoti hayajaandika barua ya kuacha kazi. Si kwa ndege, maana ndege ni kufungiwa kwenye wodi inayoruka. Anataka barabara, aone nchi inavyobadilika taratibu. Mkasi akauliza twende wapi basi. Wote watatu waligeuka wakanitazama mimi.

Kosa lilikuwa langu. Kwa miaka yote hiyo nimewalisha hao watu mji wetu kijiko kwa kijiko. Wanaijua barabara ya mgongoni mwa kilima. Wanazijua ngazi tisa za posta na ile ya nne iliyopasuka. Wanalijua tangi la maji la uani kwako, tulilokuwa tukikaa juu yake tukitupiana mbegu za mapapai mpaka mama atoke na ufagio. Mkasi alisema anaujua mji ule kuliko anavyoujua ukweni, na sasa anataka kwenda kuhakikisha kama miaka thelathini nimekuwa nikisema kweli. Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, dada, lakini chai yangu niliirudisha mezani bila kuionja.

Nikawaambia vizuri sana, twende, ila watu wazima hawaingii barabarani kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Tupime hatari kwanza. Nikajiteua mwenyewe kuwa mwandishi wa hatari, na hakuna aliyepinga, kwa sababu wananijua. Wewe uliyenipa jina la Kinyonga, tangu enzi zile nilipokuwa nikipima kila hatua njiani kwenda shule mpaka kengele ikalia tukiwa bado kwenye kona, nadhani huna la kushangaa.

Tulitumia utaratibu wa kiwandani. Zamani ukurasa haukwenda mashineni mpaka usomwe na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti kila kitu, mpaka mikato na nukta, na mwingine anafuata kwa rula kwenye nakala ya mwandishi. Na ilikuwepo sheria moja isiyovunjwa hata na meneja: ukurasa wenye pengo hauchapwi. Basi tukachukua karatasi kubwa ya kufungia vitabu, tukaichora safu nne: Hatari, Uwezekano, Madhara, Dawa. Uwezekano na madhara tulivipa alama kuanzia moja mpaka tano. Na sheria ikawa ile ile. Hatari ikikosa dawa, gari haliondoki.

Natamani ungetusikia. Mkasi alikuwa akisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo: "Tairi la nyuma kupasuka, mkato, hasa mteremkoni, nukta!" Nami nafuata kwa rula. Mama Usukani alijibu kila la gari kabla rula haijafika. Matairi yote manne mapya, la akiba lenye upepo, jeki iliyojaribiwa si jeki ya kutazamwa. Kwenye mteremko mrefu hatutaninginia kwenye breki mpaka zinuke. Tutashuka kwa gia ile ile ambayo ingetupandisha. Saa mbili za kuendesha, robo saa ya kunyoosha miguu, na anayesema hajachoka ndiye atakayeshuka wa kwanza. Na saa kumi na moja jioni gari linalala, hata kama kitanda tulichokusudia kiko kilima kimoja mbele. Alisema ameendesha gizani miaka kumi na mitano, na anachokijua kuhusu giza ni kwamba halina kioo cha pembeni.

Kwenye mikanda ya viti kulitokea vita. Mkasi alidai mkanda unambana tumbo, na kwamba tumbo lenyewe ni kinga tosha. Mama Usukani akamwambia kwa upole kabisa kwamba ndani ya gari lake hakuna abiria. Kuna mizigo iliyofungwa na mizigo iliyoachwa kituoni, naye achague. Mkewe akaongezea kwamba amewahi kushona nyuso za watu waliokuwa na matumbo makubwa kuliko hilo. Mkasi akaandika dawa kwa mkono wake mwenyewe: "Nitafunga."

Muuguzi alishika upande wa afya. Dawa zetu za presha na za sukari zitakwenda kwenye mikoba miwili iliyo sehemu mbili tofauti, ili mkoba mmoja ukipotea tusipotee nao. Kila mtu atabeba kikaratasi chenye magonjwa yake na jina la mtu wa kuarifiwa. Mkasi alipoandika chake kwamba ugonjwa wake ni ndoa, alirudishiwa akiandike upya. Mkwe wangu naye, ambaye anafanya kazi ya bima, ndiye aliyegundua kwamba bima ya gari tulilokuwa tukilitegemea, la shemeji yake Mama Usukani, inafia pale pale kwenye kizuizi cha mpaka. Ukivuka, unaendesha uchi. Akatushughulikia ile inayovuka. Nakala za karatasi zetu zote zitabaki kwake, na kila adhuhuri na kila jioni tutamtumia ujumbe wa kusema tulipo. Ikipita mara mbili bila ujumbe, anajua wa kumpigia simu.

Lakini hatari iliyotupa raha kuliko zote ilikuwa ya kumi na saba. Huko kwenu watu wanaendesha upande mwingine wa barabara. Mimi niliipa uwezekano tano na madhara tano, nikaiandika kwa herufi nzito, nikaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza kesi. Jumamosi iliyofuata Mama Usukani alitupeleka kwenye uwanja wa ghala la zamani, mahali palipobaki saruji na majani, akatoa chaki, akatuchorea barabara nzima: makutano, mzunguko, kivuko cha watu kwa miguu. Mkasi akawa trafiki. Alivaa kofia ya kuogea ya mkewe na glavu za jikoni, akasimama katikati ya mzunguko akipuliza filimbi na kutukamata kwa makosa aliyoyabuni yeye mwenyewe, pamoja na kosa la kuwa na msoma prufu ndani ya gari. Mama Usukani aliuzunguka mzunguko ule mara ishirini na mbili kwa upande wa huko, Muuguzi akiwa mbele kama jicho la pili, akitamka kwa sauti kila tulipokunja: "Upande wao! Upande wao!" Mara ya ishirini na tatu Mkasi alilazimika kuruka, kwa sababu yeye ndiye aliyesahau upande. Tulicheka mpaka Mama Usukani akazima gari, akaegemeza paji la uso kwenye usukani na mabega yakawa yanatikisika. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo. Nilirudi nyumbani na vumbi la chaki kwenye suruali, mkwe akaniuliza kama nimerudishwa darasa la kwanza.

Jioni hiyo ndipo nilipoelewa, dada, kwamba watu hawa watanileta kweli mpaka mlangoni kwako. Kila nilichokiandika kwenye safu ya kwanza, wao walikipatia dawa kwenye safu ya nne. Hatari ishirini na tisa, kumi na nane kati yake ni zangu, na zote zimefungwa mikanda. Basi nikaandika ya thelathini. Niliandika: Kivuko.

Nikawaeleza. Mto mpana, maji ya rangi ya chai, pantoni ya chuma kilichooza inayovutwa kwa mnyororo, malori mawili yanapakiwa mahali pa moja. Niliwaambia ya mwaka ule ilipozama na watu. Hayo yote, unajua, si uongo. Niliipa uwezekano nne na madhara tano. Mkasi alisoma polepole, na alipofika kwenye nukta hakuitamka. Mama Usukani aliuliza kama mto unaweza kuzungukwa. Nikasema ni mrefu kuliko nchi yenyewe. Muuguzi akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Safu ya nne ikabaki tupu. Ukurasa wenye pengo hauchapwi. Tulikunywa chai bila hadithi, na kila mmoja akaenda zake.

Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetoroka mazishi yake mwenyewe. Wepesi huo ulifika kona ya pili tu. Wiki nzima nilikuwa namwona Muuguzi akifuta miwani ile safi.

Jumamosi iliyofuata Mama Usukani alichelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliingia na vumbi kwenye viatu, hakukaa. Alikuwa ametoka kwenye yadi ya malori, amewatafuta madereva wanaokwenda huko kila wiki, kwa sababu, alisema, habari ya barabara haiulizwi kwa mtu anayeikumbuka. Huulizwa kwa mtu aliyetoka kuipita jana. Aliwauliza kuhusu pantoni. Wakamcheka. Wakamuuliza mama umelala usingizi gani, pale pana daraja, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Mkasi akaweka brashi ya gundi chini. Akasema, kwani si lile daraja alilolivuka dada yako viatu mkononi?

Dada, nilikuwa nimewasomea. Barua yako ile, mwenyewe, kwa sauti, kwenye chumba kile kile: jinsi ulivyolivuka siku ya kwanza ukiwa umeshika viatu kwa sababu vilikuwa vipya na vimekuuma, jinsi bwana mmoja mwenye tai alivyokuambia uvivae kwa ajili ya picha, nawe ukamwambia picha ni ya daraja, si ya nyayo zako. Walicheka siku nzima. Mkasi mpaka leo, viatu vikimbana, husema anataka kuvuka daraja. Wote walilijua daraja lile. Walikuwa wamelisahau kidogo tu, kwa sababu niliyewaambia kuhusu pantoni nilikuwa mimi, na mimi huwa sikosei.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia darajani. Nilijaribu kusema kwamba nimesahau, uzee huu. Mama Usukani akasema mtu aliyewahi kumrudishia barua yake ya kuomba likizo kwa sababu ya mkato mmoja hawezi kusahau daraja zima.

Nilidhani watakasirika. Muuguzi alimtuma Mkasi akachemshe maji, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akaniuliza kwa sauti ya wodini: unaumwa wapi?

Hapo nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikawapa bahasha.

Sasa, dada, vua miwani uifute, kisha uivae tena. Nilichowapa kilikuwa pasipoti yangu. Haikutolewa mwezi huu wala mwaka huu. Nimekuwa na pasipoti kwa miaka kumi na moja. Ya kwanza iliisha muda nikaibadilisha, na hii ya pili nayo ni safi. Muuguzi aliipekua ukurasa kwa ukurasa akasema ni kama kitabu kilichokosa msomaji. Mama alifariki miaka tisa iliyopita. Piga hesabu mwenyewe, ingawa najua umeshapiga. Nilipokuandikia kwamba wamenikatalia karatasi, kwamba ningekuja hata kwa miguu lakini wenye mihuri wamenizuia, karatasi zilikuwa kwenye koti hili hili, upande wa moyo.

Nilitaka kuja. Naomba uamini hilo kwanza, hata kama mengine utayaweka kando. Miezi saba kabla mama hajatutoka nilikata tiketi bila kukuambia, ili niwashtukize. Nilikaa kwenye benchi la kituo cha mabasi na begi kati ya miguu. Mfukoni nilikuwa na barua yako ya wiki ile, ile uliyoniandikia kwamba mama ameanza kuwachanganya watu, na kwamba yule mpangaji wa chumba cha nyuma anapomletea maji humshika mkono na kumwita Kinyonga, na huwa anafurahi siku nzima. Niliisoma tena pale kwenye benchi. Nikajiona nikiingia uani, mzee mwenye mvi, na mama akinitazama akiuliza huyu bwana ni nani, na Kinyonga wake amesimama pembeni na ndoo ya maji. Nikajiambia mama ana mwanawe tayari, na mwanawe huyo bado kijana. Kondakta aliita jina langu la kwenye karatasi mara tatu. Mara ya tatu alilitamka sawasawa kabisa. Sikuitika. Basi likaondoka na kiti changu.

Niliogopa kufika. Hilo ndilo jina lake, na sikuwahi kuliandika mahali popote mpaka leo. Baada ya mama kuondoka niliogopa zaidi, maana sasa ilikuwepo na ile barua ya uongo, na nyuma yake barua nyingine za kuitetea. Kila ulipoandika, mwishoni uliwalaani wenye mihuri. Umelaani karani mmoja kwa bidii ya ajabu, miaka tisa, barua kwa barua. Umemwombea meno, umemwombea mgongo, mwaka juzi ukamwombea mkwe mbaya. Dada, yule karani ni mwanamke mwembamba mwenye mafua yasiyoisha. Alinipa pasipoti siku ya kwanza niliyoiomba, akanitakia safari njema. Tafadhali mwondolee. Kama laana zina pa kwenda, anwani yangu unayo.

Nilipomaliza kuwaeleza, chai ilikuwa imepoa na Mkasi alikuwa akitazama vidole vyake kumi. Yeye ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema miaka yote hii alifikiri mimi ni mtu asiye na kosa, na alikuwa ameanza kunichoka. Muuguzi akampiga kikumbo, lakini mimi nilicheka, na kicheko kilitoka na vitu vingine, ikabidi nipewe kitambaa. Mama Usukani alienda ukutani kwenye karatasi yetu, akakata Kivuko kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kwenye dawa: "Daraja." Kisha akanipa kalamu, akaniambia sasa niandike hatari ya kweli.

Nikaandika ya thelathini na moja: Dada hatafungua mlango.

Tukaipima kama nyingine. Madhara niliyapa tano, hawakubisha. Kwenye uwezekano walibishana. Mkasi alisema moja, kwa kuwa mwanamke anayevuka daraja pekupeku mbele ya wakubwa hawezi kumfungia mtu nje kwa ajili ya karatasi. Muuguzi alisema tatu, kwa kuwa ameona dada wengi. Mimi nilisema sijui, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya kusoma prufu niliacha nafasi bila alama. Tukafika kwenye dawa. Hakuna jeki ya jambo hili, wala bima inayovuka huko. Mama Usukani akasema dawa hii haimo chumbani humu. Anayo mtu mmoja tu, na hapendi simu. Akaandika: "Aulizwe."

Ndiyo maana nakuandikia.

Wao watakuja hata hivyo. Pengo lile wamelitenga na gari, wakasema ni langu peke yangu. Tutaondoka wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, na siku ya tatu, panapo majaliwa, kabla ya saa kumi na moja jioni, gari la rangi ya maziwa litasimama chini ya nyumba yako. Mkasi anataka kukaa kwenye lile tangi. Muuguzi anataka kulitazama goti lako, na nakuonya kwamba hataomba ruhusa. Mama Usukani anataka kuliona daraja kwa miguu, viatu mkononi. Wapokee, hawana hatia. Swali lililobaki ni kama mimi nishuke pamoja nao au nibaki garini na mkanda wangu umefungwa. Nikishuka, nitaomba kitu kimoja tu, unipeleke mahali alipolala mama, unitambulishe.

Sikuombi barua ndefu. Barua huchukua wiki tatu kuja na tatu kwenda, muda unatosha kwa neno moja tu. Nimekuwekea mstari chini ya sahihi. Kata hapo kwa mkasi, ujaze, urudishe. Ukijaza kwa hasira, jaza vile vile. Kwenye kazi yetu neno la hasira linaweza kusahihishwa, pengo haliwezi.

Mama alikuwa akituambia kawia ufike, mimi nikaishika nusu yake ya kwanza tu. Nimekawia vya kutosha.

Nisalimie mjukuu wako, mwambie mwandiko wake unapendeza ila anaipendelea sana alama ya mshangao. Msalimie na jirani yako wa ng'ambo ya ukuta, kama bado mnanuniana basi msalimie kwa sauti. Mkwe, Mkasi, Muuguzi na Mama Usukani wanakusalimu kwa pamoja, wamesimama nyuma ya kiti changu hivi sasa wakisoma juu ya bega langu, na Mkasi ametamka mikato yote. Goti lako lipone, usingizi wako uwe mzito, na mlango wako uwe na kheri kwa kila anayeugonga.

Ni mimi mdogo wako, niliyekulowesha mgongo,

Kinyonga

– – – – – – – – kata hapa – – – – – – – –

Hatari ya 31: Dada hatafungua mlango.
Uwezekano: (jaza wewe)
Madhara: 5
Dawa: ……………………………